Zahanati ya Shilingi Kumi: Charity Ngilu na Gharama za Matibabu Kenya

Kamati kadhaa za usharika zimetuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: ikiwa zahanati za serikali hazitozi ada, kwa nini bado tunapitisha bahasha za kusaidia wagonjwa? Baadhi ya marafiki wanaotuchangia nao wameuliza hivyo. Ili kulijibu, tumtazame mwanasiasa aliyejaribu zaidi ya mara moja kupunguza gharama hizo, Bi. Charity Ngilu.

Alipoingia Wizara ya Afya Januari 2003, uchangiaji wa gharama ulikuwa umeshazoeleka. Serikali ilianza kutoza ada katika vituo vyake Desemba 1989, ikazisimamisha Septemba 1990, kisha ikazirudisha hatua kwa hatua kuanzia 1992. Katikati ya 2004 wizara ikatangaza utaratibu mpya: mgonjwa alipe shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, basi. Watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa malaria na kifua kikuu wasilipe kitu. Mwaka 2007 kujifungua katika vituo hivyo pia kukafanywa bure.

Watu waliitikia. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akiuza kuku kila mtoto aliposhikwa na homa, aliacha kuuza kuku.

Lakini ni vyema tuelewe ile ada ya zamani ilikuwa ikifanya kazi gani. Mishahara ya wauguzi na sehemu kubwa ya dawa vilitoka serikalini. Fedha zilizokusanywa dirishani zilimlipa mlinzi na mfagiaji, zilinunua sabuni, daftari na mafuta ya taa, na mara nyingine dawa zilizopungua kabla shehena nyingine haijafika. Ada iliposhushwa, mahitaji hayo hayakushuka. Wagonjwa waliongezeka na mapato yakapungua kwa wakati mmoja, na fedha za kuziba pengo hazikufika. Kwa hiyo msimamizi wa zahanati alibaki na njia mbili: kumwachisha kazi mlinzi au kutoza zaidi ya kiwango. Watafiti waliofuatilia jambo hili katika wilaya za Kwale na Makueni walikuta agizo halifuatwi kikamilifu. Jirani yetu naye alianza kurudi na kikaratasi cha kununua dawa dukani, na kuku wakauzwa tena. Sioni haki kumlaumu muuguzi peke yake kwa hilo.

Ni mwaka 2010 tu ndipo serikali na wafadhili walipoanza kupeleka fedha kitaifa moja kwa moja katika akaunti za vituo, zikisimamiwa na kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Nadhani hatua hiyo ingetangulia, si kufuata.

Tena utaratibu wa 10 na 20 haukugusa hospitali, wala zahanati za makanisa. Gharama inayoifilisi familia kwa kawaida ni ya kulazwa na kupasuliwa, na Bi. Ngilu alilijua hilo. Mswada wake wa bima ya afya ya jamii ulitaka kila Mkenya awe mwanachama, na serikali imlipie asiyejiweza. Bunge liliupitisha Desemba 2004. Waajiri na kampuni za bima waliupinga, Hazina ikahofia gharama, na Rais Kibaki hakuutia sahihi. Mama huyo aliondoka wizarani Oktoba 2007 bila sheria hiyo.

Alipokuwa gavana wa Kitui, kati ya 2017 na 2022, alirudia wazo lile kwa kiwango cha kaunti: kila kaya ichangie shilingi 1,000 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Kwa mkulima, hicho ni kiasi kinachoweza kupatikana msimu wa mavuno. Ila kadi ya kaunti haikumfuata mgonjwa alipopelekwa Nairobi.

Ada ya 10 na 20 yenyewe ilifutwa Juni 2013. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hutathminiwa mapato yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na mchango hutakiwa wa mwaka mzima. Huduma za zahanati na vituo vya afya zimetengewa mfuko wa serikali. Kulazwa hospitalini kunamhitaji aliyelipa mchango.

Kwa hiyo kamati zitakazotuletea hesabu za mfuko wa wagonjwa robo hii, tafadhali zitenganishe fedha zilizonunua dawa, zilizolipia kulazwa na zilizolipia michango ya SHA. Marafiki wetu wanataka kujua shilingi zao zinaziba pengo lipi.