Homoni Zinavyogusa Kinga ya Mwili Dhidi ya Saratani

Kwa miaka mingi tiba ya homoni kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume imeelezwa kwa wananchi kama njia ya kuunyima uvimbe chakula chake. Maelezo hayo ni sahihi. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago, Marekani, walionesha kuwa testosteroni ikipunguzwa mwilini, saratani hiyo hurudi nyuma, na mwaka 1966 Huggins alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, tafiti za karibuni zimebaini kuwa homoni hiyo hugusa pia kinga ya mwili.

Miongoni mwa walinzi wa mwili ni seli T, aina ya chembechembe nyeupe za damu zenye uwezo wa kutambua seli za saratani na kuziua. Ndani yake kuna vipokezi vya testosteroni. Homoni inaponasa katika kipokezi, hufika hadi kwenye vinasaba vya seli na kupunguza utengenezaji wa interferoni-gama, silaha muhimu ya seli hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionesha kuwa kipokezi hicho kikizuiwa katika panya wa maabara, seli T hupata nguvu na dawa za kuamsha kinga hufanya kazi vizuri zaidi.

Kwa binadamu mambo hayajawa mepesi hivyo. Majaribio makubwa yaliyounganisha dawa ya kuzuia homoni, enzalutamide, na dawa za kuamsha kinga hayakurefusha maisha ya wagonjwa wa tezi dume kwa ujumla. Uvimbe huo mara nyingi huwa na seli T chache, na askari asiyekuwepo hawezi kuongezewa nguvu. Kwa hiyo, anayeuza dawa ya "kusawazisha homoni" kwa ahadi ya kuponya saratani hana ushahidi.

Kortisoli, homoni itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, nayo hutuliza kinga. Madaktari huutumia utulizaji huo kwa makusudi: kinga iliyoamshwa na dawa ikianza kushambulia utumbo au mapafu ya mgonjwa, hupewa steroidi. Mgonjwa aliyezitumia kwa wiki kadhaa asiziache ghafla, kwa kuwa tezi zake huwa zimepunguza kutengeneza kortisoli; daktari hushusha dozi hatua kwa hatua.