Leseni Ikizimwa, Doo Inalala Wapi? Somo la Hawala Baada ya Garissa

Uko na mjomba majuu, kila mwezi anatuma doo. Inatua kwa ajenti Garissa, mathe anaichukua, fees zinalipwa, duka linajazwa. Sasa imagine sirkal inasema leo hiyo kampuni ifungwe. Utafanya aje?

Hii ilitokea kwa ground. Aprili 2, 2015 al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye, Benki Kuu ya Kenya ikasimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, Dahabshiil ikiwemo. Sirkal ilishuku kuna doo ya magaidi inapitia huko. Haikungoja kesi kwanza. Milango ilifungwa Isli mpaka Garissa.

Dahabshiil si ya jana. Ilianzishwa Somalia mwaka wa 1970, na imeenea nchi nyingi. Lakini ukubwa haukusaidia kitu.

Hawala inasimama kwa miguu mitatu. Wa kwanza ni uaminifu: unampa ajenti cash London, anatuma ujumbe, ajenti wa huku anamlipa mathe, wao watasawazisha hesabu baadaye. Wa pili ni benki, ya kusongesha hiyo hesabu. Wa tatu ni leseni. Mguu mmoja ukikatwa, biz yote chini.

Benki nayo inaweza kukuruka. Mwaka wa 2013 Barclays ilitaka kufunga akaunti ya Dahabshiil Uingereza, ikabidi kampuni ikimbilie korti kuizuia. Huko hakuna aliyefunga ofisi zake, lakini bila akaunti angebaki na ofisi tupu.

Noma yenyewe ni hii: kanuni za Benki Kuu za 2013 ziliwaambia watu wa hawala watoke gizani, wachukue leseni. Waliotii ndio walikuwa rahisi kuzimwa. Msee anayetuma pesa kwa mfuko wa koti hana leseni ya kunyang'anywa. Kwa hivyo ukifunga mlango wa mbele, doo haiishi, inapitia dirishani, na hapo sirkal haioni kitu.

Leseni zilirudishwa Juni 2015. Kwa kampuni hiyo ni hasara ya miezi kama miwili. Kwa familia iliyongoja pesa ya chakula, miezi miwili ni mingi sana.

Usidhani ni stori ya hawala pekee. Agosti 2023 Worldcoin ilikuwa inapiga watu picha za macho Nairobi, foleni KICC haziishi. Sirkal ikaizima. Ishu hapo ilikuwa data, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaiamuru ifute data hiyo.

Sirkal ina kazi ya kulinda watu, hiyo hakuna ubishi. Lakini wewe unayelipwa kupitia app ya majuu, uliza mapema: ina leseni hapa? Ikizimwa kesho, doo yangu iliyo ndani nani atanirudishia? Na uwe na njia ya pili, hata kama hii ya kwanza inaenda fiti.