Sura ya Nne: Maua Hutoka Tawi Lipi?

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Mombasa utaona uzio wa bogenvilia ulionyooshwa kama ukuta, kijani kitupu, hauna hata kishada kimoja. Mwenye nyumba hulaumu udongo, akaongeza samadi. Udongo hauna kosa. Bogenvilia huchanua karibu na ncha za matawi mapya, na ncha hizo ndizo panga la kila mwezi linazofyeka kabla hazijakomaa. Samadi nayo inazidisha majani.

Basi kabla ya kushika mkasi, chunguza kichaka chako huchanua kwenye tawi la umri gani. Bogenvilia, haibiskasi na mawaridi mengi ya siku hizi huchanua kwenye tawi la msimu huohuo. Haidranja ya nyanda zenye baridi, ile ya vichwa vikubwa vya buluu, kwa kawaida huandaa matumba kwenye matawi ya msimu uliopita. Hiyo ipogoe mara tu maua yanaponyauka. Ukichelewa, unakata maua ya mwakani.

Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya, navyo huagiza kukata mwishoni mwa majira ya baridi. Ushauri huo haufai Pwani, ambako mimea huamshwa na mvua. Bogenvilia, ambayo Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, aliikusanya Brazil mwaka 1767, huchanua sana udongo ukikauka. Ikate maua ya kiangazi yakipukutika, mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajashika. Mvua itasukuma matawi mapya, nayo ikikatika yatakuwa tayari kutoa rangi. Anayeyafyeka Juni amejinyima mwenyewe.

Kwa nini mkato mmoja huzaa matawi mawili au matatu? Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoshuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ondoa ncha, na macho hayo yanaamka. Ndiyo maana mkato huwekwa juu kidogo ya jicho, nusu sentimita hivi, ukichagua jicho linalotazama nje ili tawi jipya lisirudi kusongamana katikati. Ukiacha kipande kirefu juu ya jicho, kitakauka na kuoza.

Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Mara nyingi hiyo tu inatosha, na ningependa watunza bustani wengi waishie hapo. Ukiendelea, usizidi theluthi moja ya kichaka. Haibiskasi huchukua wiki kadhaa kurudisha maua baada ya kukatwa, kwa hiyo mimi huipogoa kwa zamu, matawi machache leo na mengine mwezi ujao, isije ikabaki bila ua hata moja. Kichaka kizee kilichojaa vijiti vitupu ndani hufufuliwa polepole: kila mwaka theluthi ya mashina makongwe hukatwa karibu na ardhi, kwa miaka mitatu. Futa mkasi kwa spiriti unapohama kutoka mmea mgonjwa.

Oleanda ina masharti yake. Utomvu wake ni sumu, hata moshi wake una madhara. Vaa glavu, usichome mabaki yake, usiyatupe mbuzi wanapopita, wala usiruhusu mtu achukue vijiti vyake kuchomea mishikaki.