Dakika Ishirini kwa Nyuzi 23

Tarehe 9 Julai 2020, wakati korona imesimamisha harusi na matamasha karibu dunia nzima, Canon ilitangaza kamera ambayo wapiga video walikuwa wakiisubiri tangu Februari mwaka huo. Jina lake EOS R5. Kihisi chake kina megapikseli 45, kinatulizwa ili picha isitikisike mkononi, na kamera nzima pamoja na betri na kadi haifikishi kilo moja. Bei yake Marekani ilikuwa dola 3,899. Kilichowashangaza watu zaidi ni video ya 8K. Hakuna kamera ya mirorlesi, yaani isiyo na kioo ndani, yenye kihisi kikubwa namna hiyo iliyokuwa imewahi kurekodi 8K ndani yake yenyewe, bila kuunganishwa na kifaa kingine pembeni.

Siku chache baadaye mazungumzo yalihama kabisa. Watu waliacha kuuliza picha ni kali kiasi gani, wakaanza kuuliza kamera itadumu dakika ngapi.

Canon wenyewe walikuwa wametoa hesabu. 8K: dakika 20. 4K ya fremu 120 kwa sekunde, ile ya kupunguzia mwendo bibi harusi anapogeuka na shela lake: dakika 15. 4K ya ubora wa juu kabisa, inayotengenezwa kwa kusoma pikseli zote za 8K na kuzibana: dakika 30. Muda huo ukiisha, kamera inajizima ili isijiunguze. Ukiizima ipumzike dakika 10, inakurudishia dakika 3 tu za 8K. Na chini ya hesabu zote hizo palikuwa na sharti ambalo msomaji wa Tanga au Mombasa hawezi kulipita haraka: vipimo vilifanywa kwenye nyuzi joto 23.

Kwa nini kamera ichemke hivyo? Fremu moja ya 8K ya R5 ina pikseli 8,192 kwa upana na 4,320 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 35. Zidisha kwa fremu 30 za kila sekunde, unapata pikseli zaidi ya bilioni moja zinazosomwa, kuchakatwa na kuandikwa kabla hujamaliza kutamka “bismillahi”. Ukirekodi data ghafi, ile wanayoiita RAW, kadi inapokea megabiti 2,600 kila sekunde. Dakika moja inakula takriban gigabaiti 19 na nusu, na kadi ya gigabaiti 512 inajaa kabla ya nusu saa. Kihisi kinatoa joto, prosesa inatoa joto, na kadi nayo ukiichomoa baada ya kazi unaihisi vidoleni.

Joto lote hilo limefungiwa ndani ya mwili wa aloi ya magnesi uliozibwa usiingie vumbi wala matone ya mvua. Hakuna feni, hakuna matundu. Kinachozuia vumbi kuingia ndicho kinachozuia hewa ya moto kutoka.

Kuna mambo mawili zaidi yanayoichemsha kamera ya aina hii, na yote mawili yametokana na sifa zake nzuri. La kwanza ni huko kukosa kioo. Kamera za zamani za DSLR zilikuwa na kioo kidogo kilichorusha mwanga wa lenzi hadi kwenye jicho la mpiga picha, na kihisi kililala mpaka kitufe kibonyezwe. Kwenye mirorlesi kioo hakipo. Picha unayoiona kwenye kitundu cha kuchungulia imetoka kwenye kihisi chenyewe. Kwa hiyo kihisi kiko macho muda wote. Mpiga video akiwa amesimama tu mlangoni mwa ukumbi akimsubiri bwana harusi ashuke garini, kamera imeshaanza kupata moto, na dakika zake 20 zinapungua kabla hajarekodi hata sekunde moja.

La pili ni kile kitulizo cha mtikisiko. Ili kihisi kiweze kusogea kufidia mkono unaotetemeka, hakikazwi kwenye chuma. Kinaelea kwenye fremu inayosukumwa kwa sumaku. Kitu kinachoelea hakina mahali pa kutosha pa kupitishia joto lake. Kikazie kwenye bamba la chuma, kitapoa vizuri lakini kitatetemeka pamoja na mkono. Wahandisi wa kamera wanaishi kwenye mvutano huo.

Ukomo wa dakika haukuanza na R5, ingawa video kwenye kamera za picha yenyewe si jambo la zamani sana. Nikon D90, iliyotangazwa Agosti 2008, ndiyo DSLR ya kwanza kurekodi video, tena kwa vipande vya dakika 5. Mwezi uliofuata ikaja Canon 5D Mark II yenye HD kamili, na kufikia Mei 2010 kamera hiyo ilikuwa imetumika kupiga kipindi cha kufunga msimu wa sita wa tamthilia ya Marekani ya House. Mwezi huohuo wa Septemba 2008 Panasonic walitangaza Lumix G1, mirorlesi ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds, na hiyo haikuwa na video hata kidogo.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kamera nyingi zilijizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, hata zikiwa baridi? Sababu ilikuwa forodha. Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru mkubwa zaidi kifaa kinachoweza kurekodi nusu saa au zaidi mfululizo, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa kamera ya video. Watengenezaji wakakata sekunde moja.

Wiki tatu hazijatimia tangu R5 itangazwe, tarehe 28 Julai 2020 Sony wakaleta A7S III. Wao walikuwa wameelekea upande mwingine kabisa: megapikseli 12 tu. 4K inahitaji pikseli milioni 8 na kidogo, kwa hiyo kihisi hicho hakina mzigo wa ziada wa kusoma na kutupa. Ndani waliweka bamba la grafaiti lenye umbo la herufi ya Kigiriki sigma linalonyonya joto nyuma ya kihisi na kulisambaza kwenye mwili. Ahadi yao ilikuwa zaidi ya saa moja ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde. Kwa anayepiga picha za kuchapisha mabango, megapikseli 12 ni chache. Kwa anayerekodi hotuba za wazazi wa pande mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, saa moja isiyokatika ina thamani kuliko 8K ya dakika 20.

Dakika si kipimo pekee, na R5 itendewe haki. Inarekodi rangi kwa biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi ya msingi badala ya 256 za biti 8. Tofauti hiyo inaonekana pale hasa panapowasumbua wapiga video wetu: ngozi nyeusi iliyo karibu na shela jeupe, taa za ukumbini zikififia ukutani kutoka zambarau hadi samawati. Kwenye biti 8, ukijaribu kuinua vivuli vya uso wakati wa kuhariri, ukuta unaanza kuonyesha michirizi kama ngazi. Kwenye biti 10 rangi inateleza taratibu. Tena kihisi husoma mistari yake kuanzia juu hadi chini, mmoja baada ya mwingine; kikichelewa, ukizungusha kamera haraka nguzo za ukumbi zinainama kama minazi kwenye upepo wa kusi. Kwa kamera yenye pikseli nyingi kiasi hicho, R5 haikufanya vibaya hapo.

Canon hawakukaa kimya. Mwisho wa Agosti 2020 walitoa programu mpya, toleo 1.1.0, iliyoboresha namna kamera inavyopima joto lake na kuhesabu muda uliobaki. Mwaka 2022 toleo 1.6.0 likampa mtumiaji ruhusa ya kuchagua kamera iendelee kurekodi hadi joto la juu zaidi kabla ya kujizima, ilimradi ameiweka kwenye mguu wa kamera na haishiki mkononi. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni uamuzi wa kiasi gani cha moto kinavumilika.

Dawa ya kweli ilihitaji hewa. Januari 2022 ikaja R5 C, yenye feni nyuma ya kihisi, isiyokatika kwa joto. Kitulizo cha kihisi kikaondolewa, na kazi hiyo ikaachiwa programu. Betri nayo ilielemewa: ukitaka 8K ya fremu 60 pamoja na lenzi inayojilenga yenyewe, inabidi uchomeke umeme kutoka nje. Tarehe 17 Julai 2024 R5 Mark II ikarudi na kitulizo, na feni ikawekwa ndani ya kishikio cha chini kinachonunuliwa peke yake. Anayeona habanwi na joto haibebi.

Dar es Salaam ya Februari mchana hupita nyuzi 30, na ukumbi wenye watu mia nne, taa za jukwaani na kiyoyozi kilichozidiwa hauko mbali na hapo. Canon wanaruhusu R5 itumike hadi nyuzi 40, ila dakika zile 20 zilipimwa kwenye 23. Ndiyo maana mpiga video anayeijua R5 huiacha kwenye 4K ya kawaida, ile ya fremu 30 isiyosoma pikseli zote, ambayo tangu siku ya kutangazwa haikuwekewa ukomo wa joto. Huiwekea kivuli inapokuwa nje, huizima kati ya tukio na tukio badala ya kuiacha ikichungulia, na hufungua kifuniko cha kadi ili ipumue. Fremu 120 huziwasha bwana na bibi harusi wanapoanza kuingia, milango ikiwa tayari imefunguliwa na matarumbeta yameshalia, kisha huzima tena.