KARANGA MBOVU ZISIRUDI JIKONI

Zamani misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ziwa Victoria ilinunua vyakula katika nchi ya Wanyamwezi. Leo garimoshi la Mwanza hupita Bukene, na karanga na mahindi bado ni mali ya mkulima. Lakini tazameni jinsi karanga zinavyochaguliwa. Zilizo nzuri huenda sokoni. Zilizosinyaa na zilizoota kuvu hubaki nyumbani, zikatwangwa ili kuunga mboga. Mgeni apewa bora, mtoto wetu apewa makapi!

Kuvu hilo hutoa sumu, nayo huitwa sumukuvu. Ilianza kutambulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauimalizi. Ikiliwa kwa wingi huua upesi: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini.

Tena sumu hiyo ina mwenzake, yaani kirusi cha homa ya ini aina ya B. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mwana wakati wa kuzaliwa. Mtu aweza kukaa nacho miaka mingi asihisi lolote. Wataalamu wamekadiria kwamba kwa mwenye kirusi hicho, nguvu ya sumukuvu ya kuleta saratani ni kama mara 30 ya ilivyo kwa asiye nacho. Chanjo ya watoto wachanga ilianza nchini mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, nao wanapaswa kupimwa damu.

Ni neno gumu kumwambia mama atupe karanga mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu. Kwa hiyo kazi ianze wakati wa mavuno. Karanga zianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, wala zisiloweshwe ili maganda yatoke upesi. Kwa mahindi, tieni punje na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, mngoje robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yarudi juani.