Kengele Imelia, Mtoto Ndiyo Kwanza Anaomba Kwenda Msalani

Swali limetoka kwa mwalimu wa Gredi ya Pili katika Kisiwa cha Pate, Lamu, Kenya. Mapumziko yamekwisha, watoto wamekaa, kipindi cha dakika 30 kimeanza. Hazijapita dakika kumi, mkono wa kwanza unapanda: mwalimu, naomba kwenda msalani. Akimruhusu huyo, mikono mitano inafuata. Mwalimu anauliza kama watoto hawa kweli wamebanwa au wanamchezea tu, na kama ni sawa kuwakatalia mpaka kengele ijayo.

Habari za figo na namna zinavyochuja damu zimo katika kila kitabu cha sayansi, nami naziruka. Jibu analolitaka mwalimu limefichwa katika jambo moja: mtoto anajuaje kwamba amejaa? Sijui habari ya mwili wa binadamu inayonifurahisha kuliko hii.

Ukuta wa kibofu ni msuli unaonyumbulika. Mkojo unapoingia tone baada ya tone, ukuta huvutika, na ndani yake zimo ncha za neva zenye protini iitwayo Piezo2. Utando wa seli ukiwa umelegea, tundu la protini hiyo hufungwa. Utando ukivutwa, tundu hufunguka, chembe zenye chaji humiminika ndani, na neva hupeleka mpigo wa umeme hadi kwenye uti wa mgongo. Yaani mvuto wa nyama umegeuzwa kuwa habari. Protini za jamii ya Piezo ziligunduliwa mwaka 2010 na Bertrand Coste na Ardem Patapoutian huko California, na mwaka 2021 Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti ulionisimamisha. Wapo watu wachache waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Hawa hawahisi vizuri kibofu kikijaa, na wengi wao huenda chooni kwa kutazama saa. Sasa pima kanuni ya shule isemayo kwamba choo ni wakati wa mapumziko peke yake. Kanuni hiyo inamtaka mtoto mwenye hisia kamili aishi kama mtu aliyezaliwa bila protini hiyo.

Kabla ya kuendelea, tuipe majina misuli miwili tunayoihitaji. Ule wa ukuta wa kibofu, unaobana ili mkojo utoke, nitauita msuli-sukuma. Ule unaozunguka njia ya mkojo na kuifunga nilitaka kuuita mkaza, kwa kuwa kazi yake ni kukaza, lakini neno hilo tayari lina mwenyewe: mkaza mwana ni mke wa mwana, na mkaza mjomba ni mke wa mjomba. Kizibo nacho ni kitu kisicho na uhai, na msuli huu hauzibi tu, unasikiliza amri. Basi na uitwe msuli-kibano.

Tazama jahazi lililotia nanga mbele ya mji wa Amu, yaani Lamu mjini. Nanga imezama, tanga limefungwa kwenye foromali. Hivyo ndivyo kibofu kinavyokaa karibu saa zote za mchana na usiku: msuli-kibano ndio nanga, umekaza, msuli-sukuma ndio tanga, umetulia. Maji yanajaa taratibu, na baharia wa zamu, ambaye ni neva zenye Piezo2, anapiga ukelele kila yanapopanda. Mabaharia wengine hawangoji kuambiwa: maji yakizidi kupanda, wao wanazidi kuikaza kamba ya nanga. Kazi hiyo hufanywa na uti wa mgongo peke yake, bila kuuliza ubongo, na ndiyo sababu mtoto anaweza kukimbia, kuruka na kucheka huku kibofu kimejaa, asidondoshe hata tone.

Nahodha yuko juu zaidi, katika shina la ubongo. Mwingereza Frederick Barrington ndiye aliyemtambua alipokuwa akichunguza paka, akachapisha matokeo yake mwaka 1925, na mpaka leo fungu hilo dogo la seli linaitwa kwa jina lake. Nahodha akitoa amri, inakwenda pande mbili. Kwanza nanga inang'olewa, yaani msuli-kibano unalegea. Sekunde chache baadaye tanga linatwekwa, yaani msuli-sukuma unabana. Ukubwa wa jambo hili umo katika mpangilio huo. Chombo ni kimoja, kamba ni mbili, na lazima moja ilegezwe ndipo nyingine ivutwe.

Hata hivyo, nahodha si mwenye chombo. Mwenye chombo amekaa pwani, katika sehemu ya mbele ya ubongo nyuma ya paji la uso. Yeye ndiye anayejua kwamba hapa ni darasani, pale ni sokoni, na choo kiko kule nyuma ya mwarobaini. Mtoto mchanga bado hana mwenye chombo. Nahodha wake anatweka tanga maji yakijaa tu. Kufika umri wa miaka minne au mitano, watoto wengi wanaye, naye anaweza kumwambia nahodha: bado, ngoja.

Mwenye chombo huyo anajua pia kutosikiliza, na hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza la mwalimu. Habari za kibofu huja kwa mawimbi, zikipanda na kushuka. Mpira ukiwa uwanjani, ubongo wa mtoto wa miaka saba umeshikwa wote na mpira, na wimbi hupita bila kusikiwa. Kengele inalia, mtoto anakaa, darasa linanyamaza, na wimbi linalofuata linamkuta yuko kimya. Ndipo anapojua. Mwalimu anaona mtoto aliyepoteza nafasi yake kwa makusudi, kumbe mtoto amepata habari sasa hivi.

Mikono mitano inayofuata ina maelezo hayo hayo. Mtoto mmoja akitaja msalani kwa sauti, kila mwenye chombo darasani anauliza hali ya maji. Walio nusu wanajibiwa kwamba ni nusu, na jambo lililokuwa limesahaulika linakuwa haja. Watoto hawa hawasemi uongo. Wamekumbushwa.

Tupige hesabu. Kwa makadirio ya madaktari wa watoto, uwezo wa kibofu kwa mililita ni umri wa mtoto, jumlisha moja, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka saba ana nafasi ya mililita 240, pungufu ya chupa ya soda ya 300. Mtoto mwenye afya huenda haja ndogo mara nne hadi saba kwa siku. Asubuhi nzima ya masomo lazima iwe na angalau safari moja, na mara nyingi mbili.

Akikatazwa siku moja, hakuna linaloharibika. Akikatazwa kila siku, chombo kinafundishwa vibaya. Mtoto huzoea kukaza nanga kwa nguvu mpaka anashindwa kuilegeza hata akifika chooni. Tanga linatwekwa nanga ikiwa bado imezama: mlingoti unalia, kamba zinalika, chombo hakiendi. Msuli-sukuma unaosukuma mlango uliofungwa hunenepa, mkojo hautoki wote, na katika ule unaobaki bakteria huzaliana. Wasichana huumia zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi. Mwaka 2003 Christopher Cooper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha uchunguzi wa walimu wa shule za msingi wakiuliza waziwazi kama shule yenyewe ndiyo inayowafunza watoto kukojoa vibaya.

Lamu ina elimu ya zamani juu ya jambo hili. Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Madina. Maswahaba walipotaka kumkamata, Mtume aliwazuia wasimkatize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Nahodha ameshatoa amri; kumkatiza mtu katikati ni kumdhuru. Fikhi pia inachukia mtu kuswali hali amebanwa, kwa kuwa moyo hauwezi kutulia. Kama swala inamngoja mtu atoke msalani, hesabu za kujumlisha nazo zingoje.

Lakini kumruhusu mtoto ni nusu ya kazi, maana anapokwenda lazima akute choo. Kiwango kinachotajwa Kenya ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Tuchukulie shule imekitimiza kiwango hicho, na kila msichana anatumia dakika mbili. Wasichana 25 wanahitaji dakika 50. Katika mapumziko ya dakika kumi, choo hicho kitahudumia watano. Ishirini waliobaki hawana kosa lolote. Hesabu yenyewe ndiyo iliyowakatalia. Hivyo basi, amri ya kwenda wakati wa mapumziko tu haitekelezeki hata katika shule iliyojengwa vizuri.

Jambo la pili ni maji. Visima vingi vya Pate vina chumvi, na watu wa Siyu, Faza na Kizingitini wamezoea kutegemea mvua inayokusanywa katika jabia. Mtoto wa Kiislamu akikuta choo kisicho na maji ya kustanji, kwake hicho si choo. Atajizuia hadi nyumbani ili nguo zake zisiingie najisi. Wengine hujinyima maji ya kunywa asubuhi ili wasibanwe. Nyumba kongwe za mawe za Amu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, hazikutenganisha choo na maji. Choo kilikuwa ndani ya nyumba, na birika la maji lilikuwa papo hapo, na samaki wadogo ndani yake wakila viluwiluwi vya mbu.

Ushauri wangu kwa mwalimu ni huu. Mapumziko yaanze na choo, mchezo ufuate, na madarasa yatolewe kwa zamu ili foleni ipungue. Darasani watoto wawe na ishara ya kimya, kidole kimoja kikiinuliwa, ili haja ya mmoja isitangazwe kwa wote. Vitundikwe mlangoni vibao viwili vyenye kamba, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana. Anayekwenda anachukua, anayerudi anarudisha, anayefuata anangoja kibao. Mwalimu anaweza kumwambia mtoto asubiri amalize kueleza jambo, dakika mbili au tatu. Asimwambie asubiri kengele.

Mtoto anayeomba kila kipindi, au anayelia akikojoa, au mwenye damu katika mkojo, mzazi ampeleke hospitali, kwa kuwa inaweza kuwa maambukizi, kisukari au kichocho. Anayeomba wakati wa hesabu tu aulizwe kwa upole juu ya hesabu.

Bodi za shule zinapokaa kupanga ujenzi, hesabu huanza na madarasa na madawati. Zianze na tangi la kuvuna mvua kutoka kwenye paa la mabati, na bomba lake lifike mlangoni mwa choo. Mtoto aliyebanwa hasomi, hata akalie dawati jipya, na dakika tatu alizonyimwa kwenda msalani hupotea pamoja na kipindi kizima.