Mtu wa Mwituni na Mkewe wa Mti

Mataifa mengi yana masimulizi ya viumbe vya ajabu. Huko Hispania, Wabaski husimulia habari za Basajaun, bwana wa msitu, mwenye nywele mwili mzima, apigaye ukelele kuwaonya wachungaji tufani ikaribiapo. Wamakonde nao wana mtu wao wa mwituni, ila huyo si mgeni kwao, ni babu yao.

Habari zake ziliandikwa na Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906. Yasimuliwa hivi. Hapo kale Mahuta, katika nchi ya juu ya Wamakonde, palikuwa pori tupu. Akatoka humo mtu asiyeoga wala kunyoa, tena kula kwake na kunywa kwake kulikuwa haba. Akachonga mti kwa mfano wa mtu, akausimamisha makaoni pake. Usiku ile sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mpaka mto Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akazaa, lakini mtoto alikuwa mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru. Akazaa tena, naye huyo alikuwa mfu. Basi wakarudi juu Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi.

Ndipo yule baba alipowaagiza wanawe: wafu wazikwe wima, kwa ukumbusho wa mama yao aliyepata uhai akiwa amesimama. Tena wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwani huko ndiko kwenye maradhi na mauti. Nyumba iwe mbali na maji mwendo wa saa nzima, ili watoto wapone.

Agizo hilo si upuzi. Mbu aletaye malaria hutaga mayai penye maji, na wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1897. Hata adui alizuiwa na pori lile: Masasi, iliyo chini, ilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, lakini kupenya kichaka kizito cha juu halikuwa jambo jepesi.

Walakini agizo lilikuwa na gharama, nayo walilipa wanawake. Udongo wa juu ni wa mchanga, mvua huzama, wala hakuna mto. Babu aliyekunywa kidogo hakuona taabu hiyo. Kabla ya mashine kuanza kupandisha maji katika miaka ya 1950, wanawake waliteremka mpaka visima vya mabondeni, wakangoja zamu ya kuchota, wakapanda tena mlima mkali, mitungi vichwani.